Duara Chini ya Kitanda cha Chausiku

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika kituo cha kulelea watoto nje kidogo ya Masumbwe, Mama Blessing, mlezi mkuu, alikagua vitanda. Vyote thelathini na kimoja vilikuwa vimetandikwa vizuri. Chini ya kitanda cha Chausiku, mwenye umri wa miaka tisa, palikuwa na shimo ambalo juzi lilitosha kuzamisha ndoo tu. Sasa halikuonyesha mwisho.

Baba yake Chausiku alifukiwa na kifusi mwezi wa Februari, ndani ya duara, kama wachimbaji wadogo wanavyoyaita mashimo yao. Kwa kuwa shimo ni shimo, Mama Blessing alimwita fundi Mwita, anayefunga matimba, yaani magogo yanayozuia kuta za maduara zisiporomoke.

"Shikamoo," alisema Chausiku, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Marahaba. Umechimba peke yako? Wewe ungetufaa sana machimboni."

"Sikuchimba. Mlango ukibamizwa, linaongezeka. Mtu akikaa na mimi, linarudi."

Mwita alishusha jiwe kwa kamba: futi sitini. Alipandisha udongo kidogo, akautwanga, akauosha kwenye karai kutafuta dhahabu.

"Mama Blessing, humu hamna mali. Mawe matupu."

"Afadhali. Ingekuwapo, tungehamishwa kesho."

Mwita alifunga matimba hadi adhuhuri. Alipochoka aliketi kitandani kando ya mtoto, akamuuliza habari za baba yake. Chausiku alieleza kwamba baba alikuwa akipiga mluzi anaporudi nyumbani, ili uji uanze kupoozwa. Mwita alipopima tena, alipata futi kumi na mbili.

"Mama, ni kweli. Mtu akikaa naye, linapanda."

"Tuko walezi wawili, Mwita, na watoto ndio hao. Nikae na nani, nimwache nani?"

Mwita alikusanya nyundo na msumeno, akaaga. Nyuma yake upepo uliubamiza mlango.

Siku ya pili alikuja ofisa wa ustawi wa jamii na fomu yenye sehemu za chakula, chanjo, sare na malaria. Aliyatazama matimba, akayasifu kwa unadhifu. Hapakuwa na sehemu ya kuandika shimo, hivyo hakuliandika.

Ijumaa asubuhi, Mama Blessing aliita majina.

"Chausiku?"

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Sauti ilitoka chini yake, mbali sana, ikachelewa kufika.

"Nipo, mama."

Mama Blessing alitia alama ya vyema. Uji uliteremshwa kwa ndoo na kamba, na kamba ilibidi iunganishwe mara mbili.

"Nelly?"

"Nipo," alijibu mtoto wa kitanda cha jirani, ameshika chuma kwa mikono miwili.

Mama Blessing aliinama, akatazama chini ya kitanda hicho, kisha akaagiza magogo mengine.