Zamu ya Kwenda kwa Mama

Wadogo zake walimwita Birika, na hawakuona haya kumwita hivyo hata mbele ya wageni. Mkono wa birika haunyooki, wakasema, na wa dada yetu vilevile. Naye hakununa. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hoteli moja kubwa, mwaka wa ishirini na mbili huo, na mtu aliyekaa muda wote huo akipokea shuka za wenzake waliokwenda kustarehe hujifunza jambo moja: bei ya starehe huporomoka wageni wakishaondoka. Familia iliyolala pale sikukuu za mwisho wa mwaka ililipa mara mbili ya ile iliyolala miezi miwili baadaye. Kitanda kilekile, foronya zilezile, sabuni ileile. Jambo hilo lilimkera sana, na ukikaa naye dakika tano atakusimulia, utake usitake.

Kwa hiyo mpango ulikuwa wake. Baba yao alipofariki walikusanyika kwa mama wote wanne, na wake na waume na watoto, watu kumi na saba. Walipomaliza kuzika, Birika akafikiria nauli. Ilikuwa mwisho wa mwaka, na wenye mabasi wanajua siku za kumkamua mtu. Watu kumi na saba, kwenda na kurudi, kila mwaka, kwa siku tatu za kulala sakafuni na kugombania choo kimoja! Akawaita wadogo zake nyuma ya nyumba. Kuanzia mwakani, alisema, anakwenda mmoja tu. Anabeba zawadi za wote na salamu za wote. Nauli za wanaobaki zinaingia kwenye mfuko mmoja, na mfuko ukijaa tunamchukua mama, ukoo mzima unakwenda kupumzika hotelini siku tatu kama watu, bila mtu kugusa sufuria. Haba na haba hujaza kibaba.

Dereva, anayemfuata, alikuwa anaendesha lori na akasema barabara ameshazichoka, hana ugomvi na wazo hilo. Kinyozi, kitindamimba wao, ambaye siku hizo hakuwa na mke wala nauli, alikubali kabla dada yake hajamaliza kusema. Mwalimu, wa tatu, ndiye aliyeleta sharti: mama asijue. Mama yao ni mtu wa kukataa. Mwambie unataka kumnunulia viatu, atakuuliza ada ya mtoto umelipa? Mwambie unamwekea akiba ya hoteli, akiba hiyo imekufa siku hiyohiyo. Ikawa siri. Na kwa kuwa kila mmoja aliujua mdomo wake, wakaongeza na hili: ukiwa kwa mama, usiwataje sana wenzako, usije ukateleza ukamwaga mtama kwenye kuku wengi. Ongea habari zako, kula, lala, rudi.

Ikapita miaka minane hivyo. Kila mtoto alikwenda mara mbili.

Usidhani ilikuwa rahisi. Mwaka wa saba Mwalimu alitoka zamu yake akasema mama amepungua, mwaka ujao twendeni wote, mfuko tuuache. Birika akakataa. Alimwambia wameshapanda mlima zaidi ya nusu, na anayeshuka katikati ya mlima amechoka bure. Lakini usiku huo, na hili alimwambia mumewe kwa kinywa chake, aliogopa. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: amwone mama yake amekaa kwenye kiti kizuri, watoto wake wanne wamemzunguka, ajue hawakumsahau. Siku hiyo isipofika, basi yeye Birika atakuwa amemnyima mama watoto wake miaka yote ile, na hakuna atakachoweza kumrudishia.

Kulikuwa na jambo moja ambalo angelitazama vizuri angeshtuka. Mama hakuwahi kuuliza habari za wengine. Mwaka wa kwanza alimwuliza Birika mlangoni, umekuja peke yako? Akaambiwa ndiyo. Hakuuliza tena, si kwake wala kwa mdogo wake yeyote. Zawadi alizipokea, zote nne, akashukuru, akaziweka kabatini bila kuuliza ipi ni ya nani. Kwenye simu vivyo hivyo: hujambo, watoto hawajambo, kazi inaendeleaje, basi. Birika alishukuru Mungu. Siri inalindika vizuri, alisema, hata mama mwenyewe anatusaidia.

Mwaka wa tisa mfuko ukajaa. Alisubiri wageni wa sikukuu waondoke, akasubiri tena mwezi na nusu bei ishuke mpaka chini kabisa, akaenda kwa meneja kuomba bei ya mfanyakazi. Akapata vyumba tisa. Siku tatu, kuanzia Ijumaa. Wale kumi na saba walikuwa wameshafika ishirini na mmoja.

Mchana wa Ijumaa walijipanga mapokezi kumsubiri mama, ambaye Dereva alikwenda kumchukua kwa hadithi ya kumpeleka kupima macho. Watoto wa ndugu walisalimiana kwa kupeana mikono kama maafisa. Binti wa Mwalimu alimwuliza mwana wa Dereva anaitwa nani. Mke wa Kinyozi, ambaye Birika alimwona kwa mara ya tatu tu maishani, alimwamkia kwa jina la hotelini lililoandikwa kwenye kifua cha sare yake. Birika aliyaona yote. Hakusikia uchungu. Alisikia kitu kama ganzi ya mguu ulioukalia muda mrefu, akajiambia ni uchovu.

Mama akaingia. Aliwaona, wote kwa pamoja, akasimama palepale mlangoni. Mkoba ukamtoka mkononi.

"Nani amekufa?" akauliza.

Wakacheka, wakamkumbatia, wakamweleza kwamba hakuna msiba, ni mapumziko tu, ni zawadi yake. Mama akawaangalia mmoja mmoja. Akasema ahsanteni. Alisema kama mtu anayepokea kitu asichojua atakiweka wapi.

Chakula cha jioni Birika alipata kile alichokitaka, au umbo lake. Meza ndefu, kiti kizuri, watoto wanne. Ila mama alikataa kukaa kichwani mwa meza. Alikwenda kujipenyeza katikati ya Birika na Dereva, akawa anawapitishia sahani yeye mwenyewe, huku na huku, hata chumvi hakutaka wapeane mkono kwa mkono. Dereva akamtania dada yake kwamba leo Birika limemimina, tutakunywa mpaka liwe tupu. Meza nzima ikacheka. Mama akamshika Dereva mkono.

"Taratibu, mwanangu," akamwambia polepole. "Taratibu."

Birika alipomkemea mwanawe kwa kelele, mama aliweka kijiko chini, akangoja. Kila sauti ilipopanda kidogo alingoja hivyo. Hakula chakula cha maana. Birika alitazama kitambaa cha meza, doa la mchuzi pale alipokaa mjukuu, akawaza kwamba lile lisipolowekwa sasa hivi halitoki. Mama alikuwa ubavuni pake, na ndilo alilowaza.

Kesho yake wakati wengine wamekwenda na watoto bustanini, mama akamwita Kinyozi chumbani, peke yake. Mlango ukafungwa karibu saa nzima. Kinyozi alitoka anakuna kichwa.

"Ameniomba nikusamehe," akamwambia Birika.

"Unisamehe nini?"

"Sijui. Nimemwambia nimeshakusamehe. Kwa vyovyote deni la kusamehewa hukosi."

Kinyozi alikuwa mtu wa mzaha, na Birika akaliacha hivyo. Baada ya Kinyozi akaitwa Mwalimu, akatoka na macho mekundu, akaenda moja kwa moja kuogesha watoto. Jioni akaitwa Dereva. Huyo alitoka akakaa kwenye ngazi, akavuta sigara aliyokuwa ameiacha miaka miwili. Birika akamwuliza kulikoni, Dereva akasema, nenda kamsikilize mwenyewe, mimi sina la kusema. Lakini mama alikuwa ameshalala.

Aliitwa asubuhi ya mwisho, wanapofunga mizigo. Chumba kilitakiwa kiachwe saa nne. Mama alikuwa ameshavaa, amekaa kwenye kiti cha dirishani, mkoba mapajani. Akamwonyesha kitanda, akae.

Mama alisema amezungumza na wenzake wote watatu, na wote wanasema hawana neno na dada yao. Hakuwaamini sana, lakini mtu akisema amesamehe huna budi kumpokea. Amebaki yeye, mkubwa wao. Na mkubwa ndiye jalala.

"Sasa niambie, mwanangu. Ni lile turubai?"

Birika hakuelewa. Turubai gani?

Basi mama akamweleza, bila haraka, kama mtu aliyelipanga muda mrefu. Siku ya kumzika baba yao, Birika na Dereva walipandishiana sauti mbele ya watu kwa sababu ya bei ya kukodi turubai. Birika mwenyewe alikuwa ameshalisahau, na Dereva pia. Walipatana kabla jua halijatua. Lakini mama aliliona. Akaona vilevile wote wanne wanakwenda nyuma ya nyumba, wananong'ona muda mrefu, wanarudi wamenuna, au yeye aliona wamenuna. Na tangu siku hiyo hawakuingia tena wawili kwa pamoja nyumbani kwake. Mwaka mmoja, huyu. Mwaka wa pili, yule. Akajua wanangu wamegombana kiasi hawawezi kuvuka kizingiti kimoja, wamegawana siku za kuja ili wasikutane. Nyumba ya udongo haihimili vishindo, akasema; akaogopa kuuliza. Alipoona nao hawatajani, akaacha kuwataja, asije akatonesha kidonda. Zile zawadi nne aliamini kila mwaka ni mtu mmoja amezinunua zote, kumfariji. Na kila mwaka, siku ya kuja mgeni wake, alitandika vitanda viwili. Huenda safari hii wakaja wawili.

Birika alisikiliza mikono ikiwa magotini. Uongo ulikuwepo pale pale, mzuri, tayari: aseme ndiyo mama, ni lile turubai, nilikosea, nimewaomba radhi. Mama angesamehe. Angerudi nyumbani na furaha ya mtu aliyesuluhisha watoto wake. Ingemtosha maisha yake yote. Lakini Birika, pamoja na siri yote ile, hakuwahi kumdanganya mama yake usoni.

"Hatukugombana, mama," akasema. "Tulikuwa tunabana nauli."

Akaueleza mpango wote, na mfuko, na siri, na bei ya msimu wa chini. Alisikia sauti yake ikieleza vizuri, kwa mpangilio, kama anavyowaeleza wafanyakazi wapya wa kufulia.

"Miaka minane?"

"Minane, mama."

"Ili tuje hapa."

"Ndiyo."

Mama akakiangalia chumba: pazia, taa ya ukutani, birauri mbili zilizofunikwa karatasi. Aliangalia kila kitu kwa haki yake. Hakulia. Birika angeshukuru angelia.

"Heri mngegombana," mama akasema. "Ugomvi ningeulilia, nikaumaliza. Hii nauli niifanyeje?"

Halafu akasema awaite wenzake, waje wote, sasa hivi, kama walivyo. Birika akafungua mlango akawaita. Wakaja, Dereva na begi mkononi, Mwalimu na viatu vya mtoto, Kinyozi na mswaki mdomoni, wakasimama ukutani kwa sababu hakukuwa na viti. Mama akawatazama. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Kinyozi akasema, tulipie hata nusu siku nyingine jamani, tukae kidogo, na wote wakamgeukia Birika.

"Mfuko umekwisha," akasema, na ilikuwa kweli.