Bomba la Inchi Sita

Kama kuna mtu mtaani pale aliyekuwa na haki ya kutembea kifua mbele, basi ni Mzee Chemba. Miaka thelathini na moja iliyopita ndiye aliyetandaza bomba la majitaka la nyumba zile sitini na kujenga chemba zake zote, na tangu siku hiyo halijaziba hata mara moja. Alilisema hilo harusini, alilisema msibani, na ukimwuliza habari za asubuhi ungeambiwa pia. Watu walimvumilia kwa sababu lilikuwa kweli.

Binti yake wa pekee alirithi ufundi huo. Wateja walimpa kazi kwa jina la baba yake kabla hata hajafungua mkoba wa vifaa.

Kisha ikaja kampuni inayotaka kusimamisha majengo manne ya ghorofa kumi kumi kwenye kiwanja cha juu ya mtaa. Familia mia mbili na arobaini! Watu wakaja juu. Mkutano ukaitwa Jumamosi asubuhi katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wakabanana kwenye madawati ya watoto, magoti karibu na videvu. Huyu alilia na kivuli, yule na magari. Mama mmoja akasema hataki kuchunguliwa akianika nguo zake za ndani. Afisa wa mipango miji aliandika yote bila kuinua uso.

"Hayo hayazuii ujenzi," akasema.

Mhandisi wa kampuni, kijana wa miwani, akatandika ramani ya zamani juu ya meza. "Bomba la majitaka ni inchi tisa, kutoka juu mpaka bomba kuu la mji. Linatubeba wote na nafasi inabaki. Aliyesaini hapa mnamjua."

Darasa zima likamgeukia Mzee Chemba. Binti yake akamgusa kiwiko, anatabasamu. Alikuwa akijivunia baba yake, na tabasamu lile lilimchoma mzee kuliko maneno ya mhandisi.

Maana mabomba ya inchi tisa yalikuwa yameishia mbele ya geti la mkunga wa mtaa. Lori la mwisho halikuja, mvua zilishaanza, mitaro ilikuwa inajaa maji na wenye nyumba walikwisha kuhamia. Akachukua ya inchi sita yaliyokuwapo stoo, akayatandaza hatua mia mbili zilizobaki, akaongeza mteremko, akafukia. Kwenye ramani akaiacha tisa. Nyumba sitini bomba lilizimeza bila shida. Familia mia tatu lingezitapika, tena ndani ya vyoo vya majirani zake wa chini. Lakini akisema leo, binti yake ataenda na jina gani kwa wateja?

Akapiga moyo konde, akasimama.

"Ramani hiyo ni ya uongo," akasema. "Na mwongo ni mimi. Kuanzia kwa mkunga ni inchi sita. Sikatai watu kupata pa kuishi. Jengeni, ila bomba kwanza."

Mhandisi akacheka. "Mzee, leo unataka kuikana saini yako?"

"Chimbeni," akajibu, bila kupepesa macho.

Afisa akaamuru wachimbe Jumatatu. Njia nzima ya kurudi nyumbani binti alitembea hatua kumi mbele ya baba yake. Jumapili hakuja kula kwa baba yake kama ilivyo kawaida yao, na mzee akala peke yake.

Jumatatu mzee alimkuta binti yake mbele ya geti la mkunga kabla ya vibarua, mabuti miguuni, koleo mkononi. Alichimba kwa hasira. Alipofika kwenye bomba akaweka koleo kando, akafuta udongo kwa kiganja, akapima. Sita.

Mhandisi akashuka shimoni mwenyewe. Akapima tena, kisha akakaa amechutama mahali bomba kubwa lilipoingia kwenye dogo. Saruji ilikuwa imara, haina ufa, na udongo ulioizunguka ulikuwa mkavu kama unga.

"Hapa ndipo pa kuvuja," akasema polepole. "Miaka yote hiyo halijatoa hata jasho. Nani aliunga hapa?"

Mzee Chemba, juu kwenye ukingo, akafungua kinywa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alishindwa kujisifu.

"Baba yangu," binti akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Akamgeukia afisa aliyesimama ukingoni na daftari lake. "Andika inchi sita. Andika hakuna tofali litakaloinuka mpaka bomba jipya lilale. Na hilo jipya, andika, tutalilaza sisi wawili."

Akanyoosha mkono wake wenye matope kumsaidia baba yake kushuka.