Nyayo za Karani

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wakubwa na wadogo, kwa waliokaa na waliosimama, kwamba hapa litaelezwa jambo zito la moyo wa binadamu, upweke wake na mapenzi yake, na kwamba mwelezaji hakuongeza wala kupunguza hata neno moja. Jambo lenyewe linahusu mbwa aliyekuwa akichafua sakafu.

Mwenye mbwa alikuwa fundi wa funguo. Kibanda chake kilikuwa kando ya posta, chembamba kama kabati. Ndani mlikuwa na mashine ya kuchongea, kiti kisicho na mgongo, na ukuta mzima wa funguo mbichi, yaani zisizochongwa bado, zikining'inia kwenye misumari. Nusu ya mji ilifungua milango yake kwa kazi ya mikono yake. Alikuwa na miaka arobaini na saba, msafi, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita kwa ugonjwa wa ghafla, mchana, yeye akiwa kazini. Geti lilikuwa limefungwa kwa nje kama siku zote, na hakuna mtu mtaani aliyesikia chochote.

Wiki tatu baada ya mazishi fundi alijipatia mbwa. Alikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama, jingine limelala. Akamwita Karani, kwa sababu siku ya kwanza alikagua kila pembe ya nyumba, kisha akakaa kimya kama mtu aliyekwisha kuyaandika yote.

Kila asubuhi fundi alipiga deki, akamwekea Karani maji, akatoka na kufunga geti. Aliporudi jioni alikuta nyayo. Karani alikuwa na miguu minne kama mbwa wote, na kucha zake zilisikika vizuri zikigonga saruji. Lakini alama alizoacha zilikuwa za mwanamke aliyetembea pekupeku: kisigino, upinde, vidole vitano. Katika mguu wa kushoto, kidole cha mwisho kilimpanda mwenzake.

Fundi alichukua tambara akazifuta. Mwaka wa kwanza zilimkera kidogo kwa sababu ya sabuni. Baadaye alizoea. Msoma mita alipoingia siku moja alizitazama, akainua mguu asizikanyage, akasema, "Wangu anatafuna viatu. Wako ana nafuu," akaandika namba zake akaenda.

Asiyezoea alikuwa dada yake mkubwa, mshonaji wa sare za shule, ambaye alizungumza na kila mtu kana kwamba ana pini mdomoni, na mara nyingi alikuwa nazo kweli.

"Mdogo wangu, mtu akiingia humu anakuta nini? Mwanamume na mbwa wanatazamana kama mashahidi wa kesi."

"Tunapatana, dada."

"Mtaachaje kupatana, naye hasemi?"

"Ndiyo maana tunapatana."

"Basi chagua moja. Baki na mbwa wako nijue moja, au utafute mtu. Maana mimi nimechoka kukuombea huku unanuka manyoya."

Fundi alilipima jambo hilo kwa haki. Upande wa Karani palikuwa na mengi. Karani alizitambua hatua zake tangu kwenye kona. Aliweka kidevu juu ya kiatu chake wakati wa kula. Hakununa, hakuwa na ndugu wa kuja kukaa mwezi mzima. Lakini kulikuwa na mahali katikati ya mgongo ambapo fundi hakufika mwenyewe kupaka dawa, na siku hizi alikuwa ameanza kuacha sentensi bila mwisho, kana kwamba kuna wa kuzimalizia. Tena alikuwa na hofu moja ambayo hakumwambia mtu: kwamba siku moja ataugua humo ndani, na wa kumsikia atakuwa yule asiyeweza kufungua mlango.

Kwa hiyo alianza kupita mbele ya duka la viatu.

Muuza viatu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, hajaolewa, mwenye mdomo mkubwa na mkono mwepesi. Aliweza kukutazama ukiwa ng'ambo ya barabara akasema namba ya mguu wako na kidole kinachokuuma.

"Fundi, viatu vinang'aa leo. Unakwenda kuhutubia?"

"Nimepita tu."

"Umepita mara ya nne tangu asubuhi. Ukipita ya tano nitakuandika kwenye orodha ya wafanyakazi."

Fundi alicheka. Alicheka tena kesho yake, na baada ya miezi miwili walikuwa wakinywa chai pamoja kwenye kibenchi cha kupimia wateja. Alitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyepunguziwa umri.

Katika miezi hiyo nyayo ziliongezeka. Zilianzia chumbani upande wa kitanda, zikapita sebuleni zikishika ukuta, zikatoka barazani, zikavuka ua hadi getini. Hapo zilirundikana, moja juu ya nyingine, vidole vyote vimeelekea nje. Siku ambazo fundi alikuwa amecheka sana, mbele ya nyayo za mwisho palikuwa na alama mbili za mviringo, kama za magoti. Fundi alifuta zote na kumpa Karani chakula chake.

Jumamosi moja dada aliamua kwamba sasa imetosha, akamleta muuza viatu aione nyumba. Karani alimnusa mgeni akakubali. Mgeni akamkuna sikio lile lililolala.

"Nilidhani utamwogopa," fundi alisema.

"Nimehudumia wateja miaka kumi na mitano. Mbwa atanifanya nini?"

Dada alikuwa amepiga deki mwenyewe ili nyumba ionekane, na sakafu ilikuwa bado ina unyevu. Ilipofika saa kumi alasiri Karani aliinua kidevu kutoka kwenye kiatu cha fundi, akaenda chumbani, akatoka tena. Alitembea polepole, ubavu wake ukiegemea ukuta, akapumzika kidogo kwenye kizingiti. Nyuma yake nyayo zilijitokeza moja moja. Wote watatu waliinua miguu kumpisha.

Muuza viatu aliinama, mikono magotini, kama anavyoinama kwa mteja.

"Thelathini na saba," alisema. "Wa kushoto mpana kidogo. Mguu huu naujua."

"Huo wa mbwa," dada alisema.

"Uliletwa dukani kwangu kwenye karatasi. Umechorwa kwa penseli, na kidole hiki kimempanda mwenzake hivi hivi. Uliletwa mara mbili. Mara ya kwanza nikauza kandambili, mara ya pili viatu vyeusi vya kamba. Wanaume wengi huleta karatasi, si ajabu. Nikamuuliza tu huyu bwana, mwenyewe mbona haji kujaribu? Akasema ana shughuli."

"Alikuwa na shughuli," fundi alisema.

Muuza viatu alizifuata nyayo mpaka uani. Karani alikuwa amesimama getini, pua kwenye upenyo wa chini. Kisha akajilaza taratibu, na magoti mawili yakajichora kwenye saruji. Muuza viatu alikaa hapo akizitazama alama mpaka zikaanza kukauka pembeni.

"Alikuwa na ufunguo?"

"Wa nini?" fundi aliuliza kwa sauti yake ile ya upole. "Kila kitu nilikuwa namletea."

Dada alizigeukia sahani walizolia mchana, zilizorundikwa barazani, kama vile zinahitaji kuhesabiwa. Alikuwa amekuja katika nyumba hiyo kila mwezi kwa miaka tisa, na kila mara alisubiri getini mpaka ndugu yake arudi kumfungulia.

"Mbwa abaki," muuza viatu alisema. "Sina ugomvi naye. Nyayo nazo zibaki, hapa palikuwa kwake. Mimi nataka ufunguo wa geti. Wangu mwenyewe, kabla sijaleta hata begi."

"Jamani, si ufunguo tu!" dada alisema. "Mchongee, yaishe."

Fundi alisema atauchonga Jumatatu.

Jumatatu alifika kibandani mapema. Alichagua ufunguo mbichi mzuri kuliko zote ukutani, wa shaba, akaubana kwenye mashine sambamba na ule wa kwake. Kazi yenyewe ni ya dakika mbili. Siku zote alikuwa akiifanya huku anatafuna mkate na kubishana na mteja. Aliweka kidole kwenye swichi. Akilini alimwona muuza viatu akifungua geti saa nne asubuhi, kwa sababu yoyote ile, au bila sababu. Alijiona yeye mwenyewe akirudi jioni na kulikuta wazi. Akaondoa kidole kwenye swichi. Wateja wawili walikuja wakasubiri, wakachoka. Adhuhuri aliutoa ufunguo kwenye mashine, mzima kama alivyouweka, akaurudisha kwenye msumari wake.

Jioni alipita dukani.

"Sikupata nafasi," alisema.

"Dakika mbili, fundi?"

"Karani hajawahi kuniomba ufunguo." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja bei.

Muuza viatu alimtazama muda mfupi, kwanza usoni, halafu miguuni. "Haya," alisema. "Wasalimie nyumbani." Akarudi kumpima mteja.

Tangu hapo dada hazungumzii tena mambo ya ndoa. Fundi amenunua tambara zito zaidi, linalonyonya maji vizuri. Asubuhi anapiga deki na kufunga geti. Jioni anazifuta nyayo, za vidole na za magoti, na Karani anaweka kidevu juu ya kiatu chake. Wanapatana. Mtaa nao hauna neno.

Hapa ndipo hadithi ilipokuwa iishe, na nilikuwa nimeshapiga mstari kwa rula. Lakini mama alizisoma karatasi hizi nikiwa naoga, akanisubiri mezani. Habari za mbwa hakuziuliza.

"Umeandika hakuna mtu mtaani aliyesikia chochote," alisema. "Siku ile wewe ulikuwa likizo, na dirisha letu linatazama geti lile. Futa, au sema."

Basi nasema. Tulikuwa watoto watatu. Mchezo wetu wa likizo ulikuwa kuligonga geti la fundi na kukimbia. Mkewe alikuwa akija mpaka getini, anagonga kwa ndani mara mbili kutujibu, na tunamsikia akicheka. Sura yake hatukuijua.

Siku ile aligonga yeye kwanza. Aligonga kwa muda mrefu, halafu polepole, halafu chini kabisa, karibu na ardhi. Tukasema leo ni zamu yake kututania. Tukavuka barabara, tukamjibu mara mbili, tukakimbia.