Goli la Chujio

Ijumaa jioni Chujio alikuwa kwenye studio ya dada yake, mpiga picha za pasipoti, akikausha glovu zake mbele ya feni. Chujio alikuwa mchoma mikate kiwandani na kipa wa timu ya kiwanda. Jina hilo alipewa na mashabiki wake mwenyewe, waliokuwa wameona mengi yakipita.

"Meneja kasema nikifungwa kesho, glovu anapewa mkwe wake."

"Yule anayekwepa hata akirushiwa mkate?"

"Huyohuyo."

Dada yake, kamera mkononi, akamsogelea mteja aliyekaa akisubiri kupigwa picha. "Kosa lako, kaka, unang'ang'ania mstarini kama shati kwenye kamba. Mpigaji anaona goli zima, wewe kadoa tu. Msogelee. Mimi nikimkaribia mtu, ukuta wa nyuma yake hauonekani."

Kesho yake walicheza na kiwanda cha nguo. Mshambuliaji wao, fundi cherehani aliyeitwa Sindano, hakuwa mtu wa mashuti ya kubomoa nyumba. Alitazama kipa kaegemea mguu gani, kisha akautia mpira kwenye kona ya upande wa pili, taratibu, kama anayetunga uzi.

Dakika ya nne alibaki uso kwa uso na Chujio. Chujio akatoka hatua tatu. Nyuma yake milingoti nayo ikasogeleana hatua tatu. Sindano akautia mpira palepale alipopazoea, ukatoka nje.

"Mlingoti ulikuwa hapa," alisema Sindano.

"Ulikuwa," Chujio akakubali.

Refa akapima kwa miguu, akaandika vipimo vipya kwenye daftari, akapuliza filimbi. Kila Chujio alipotoka, goli lilipungua, na halikurudi. Kufikia mapumziko lilimtosha kuku mmoja, tena akiinama. Timu zilipobadilishana pande, Chujio alilibeba kwapani. Wapinzani walilibeba lao watu kumi na mmoja, wakihema, kipa wao akiwasihi wasimkwaruzie mwamba. Refa alisema kanuni zinataka watu wahame. Kuhusu mizigo yao hazisemi kitu.

Kipindi cha pili wachoma mikate wakapata bao moja. Dakika ya mwisho Sindano akabaki tena na Chujio. Akamwangalia miguu, akamhadaa kushoto, akapiga kulia. Lilikuwa shuti safi kuliko yote aliyowahi kupiga. Mpira ukafika kwenye mdomo wa goli, ukauziba kama kizibo cha chupa, ukakwama hapo. Refa akainama, akaona haujavuka mstari wote, akamaliza mchezo.

Jumatatu meneja alimpongeza Chujio mbele ya wafanyakazi wote. Kisha akanyoosha mkono, akaomba glovu.

"Lakini sikufungwa, bosi."

"Ndiyo maana. Goli lenyewe dogo hivi," alisema meneja, akiliinua kwa vidole viwili, "hata mkwe wangu analiweza."

Akaliweza. Jumamosi iliyofuata mkwe alisimama mstarini, goli likiwa katikati ya viatu vyake, akapiga miayo dakika tisini. Mashabiki wakambatiza jina la Ukuta.

Baada ya mechi dada yake Chujio aliitwa kupiga picha ya timu. Aliwapanga, akaomba kipa asogee mbele kidogo. Mkwe akasogea hatua moja, na Chujio, aliyekuwa nyuma yake, hakuonekana tena.