Faili Lililojifunga Kila Mchana

Jumatatu alasiri, kwa mara ya nne tangu wiki iliyopita, kompyuta ya marehemu babake, Mzee Shutu, ilimwambia Mbeyu kwamba hana ruhusa. Kisanduku cheupe kilitokea katikati ya kioo na maneno yale yale: huna ruhusa ya kufungua faili hili. Mbeyu alikitazama mpaka macho yakamwasha. Kompyuta ni ya babake, nyumba ni ya babake, na faili lenyewe ni sauti ya babake. Ruhusa akaombe kwa nani?

Njia ya kulitengeneza alikwishaijua. Huingia kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, akaandika jina lake, akakubali, akangoja mstari wa kijani ufike mwisho. Faili hufunguka. Husikiliza dakika mbili, moyo ukatulia kidogo. Kesho yake akirudi saa kumi kutoka duka la dawa alikofanya kazi mjini Kwale, hulikuta limejifunga tena, kana kwamba hakugusa kitu.

Jumatano kamati ya ardhi ingekaa hapo kijijini kwao, Mkongani. Jirani yao Sharif alidai mpaka wa shamba lake unapita juu ya makaburi ya kina Shutu, na Shutu mwenyewe alikuwa amelala pale, udongo haujakauka. Katika faili lile Shutu na mzee aliyemuuzia Sharif shamba hilo walitaja mpaka, mti kwa mti na jiwe kwa jiwe. Wote wawili sasa ni marehemu. Mbeyu alipopeleka nakala kwenye simu, Sharif alicheka akasema siku hizi sauti za watu hutengenezwa. Kamati ikaamua: iletwe kompyuta yenyewe, ifunguliwe mbele ya watu, tarehe ionekane. Isipofunguka, shauri limekwisha.

Kwa hiyo Mbeyu alikuwa na hofu, tena hofu ya kumnyima usingizi. Alijiona amesimama mbele ya viti vya plastiki, kisanduku kile kimetokea, na Sharif akitabasamu.

Alimpigia Kaloki, fundi wa kompyuta wa Ukunda, akamweleza yote.

"Madam, hiyo diski imechoka," Kaloki alisema. "Ilete kesho niifomati, itakuwa fiti."

"Ukiifomati, faili litabaki?"

"Hapo sasa sikuahidi."

"Basi hailetwi."

"Kuna jina lingine kwenye hiyo orodha?"

"La marehemu baba."

"Litoe. Toa yote, ubakishe lako peke yake."

Mbeyu alishusha simu. Jina la babake lilikuwa juu kabisa, na picha yake ndogo amevaa kofia ya vito. Karani mstaafu yule, mtu wa kufunga hata droo ya vijiko. Alimwomba radhi kimoyomoyo, akalifuta.

Jumanne alirudi mbio, hata viatu hakuvua. Alibofya. Faili lilifunguka mara moja. Alishusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo.

Ndipo alipomkumbuka mamake. Mwanapili alikuwa katika mwezi wa pili wa eda, hatoki nje, na kila siku Mbeyu alimkuta jikoni. Leo jiko lilikuwa baridi. Alimkuta chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, chai ya asubuhi haijaguswa.

"Shikamoo mama. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi." Alikunja pindo la leso, akalikunjua. "Leo baba yako amenikatalia."

"Amekukatalia nini?"

Mwanapili aliona haya, akasema huku ameinamisha uso. Kila adhuhuri akimaliza kuswali, nyumba iko tupu, alikuwa akifungua ile kompyuta. Kusoma hakujua, lakini Shutu alikuwa amemwonyesha: bonyeza picha yangu mimi, andika namba hizi nne, halafu hapa. Na ukimaliza, bonyeza picha ya kufuli, asiingie mtu. Shutu mwenyewe alikuwa ameitengeneza kufuli hiyo, ya kufungia kila mtu nje isipokuwa yeye.

"Kila siku ukafunga?"

"Nilifunga kama alivyoniambia. Wanaokuja kunipa pole wangesemaje, mimi niko edani nachezea mashine? Leo nimebonyeza picha yake, nikafika pale pale, pamegoma. Nikasema basi, amechoka na mimi."

Siku nne Mbeyu alipigana na diski, kumbe alikuwa akipigana na mamake. Na jana kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amemfungia mjane mlango. Alirudi kwenye orodha, akaandika jina la babake chini ya lake, akangoja mstari wa kijani. Mwanapili alimfuata, akavuta kiti. Hakutaka habari ya miti wala mawe. Alijua pa kugusa, karibu na mwisho.

"Mwanapili, niletee maji," Shutu aliita. Kimya. "Mwanapili."

"Nakuja! Kwani mimi nina mikono mingapi?" sauti ya Mwanapili ilijibu kutoka jikoni, kali, na kifuniko cha sufuria kikaanguka.

Jioni hiyo kufuli haikubonyezwa. Jumatano faili lilifunguka mbele ya kamati, tarehe ikaonekana, miti ikatajwa. Sharif aliguna kwamba hata hayo yanaweza kutengenezwa. Mbeyu aliiacha sauti iendelee mpaka mwisho. Maji yalipoitishwa mara ya pili na jibu likaja, wazee waliangua kicheko, maana hakuna asiyeijua sauti ile ya jikoni. Sharif naye alicheka kabla hajajizuia, kisha akatazama chini. Mpaka ukabaki ulipotajwa.

Mbeyu alifika nyumbani saa kumi, akaiweka kompyuta mezani mbele ya mamake.

"Makaburi yamebaki, mama."

"Alhamdulillahi." Mwanapili aliifungua kompyuta. "Na pale pa maji, walisikia?"

"Wote walisikia. Walicheka."

"Basi wamesikia nilivyomjibu," Mwanapili alisema, akabonyeza picha ya mumewe.