Hewa ya Juu ya Nyumba ya Don Heriberto

Doña Nubia alipanda ngazi za Zarzal, mtaa wa mlimani, Jumapili moja ya mwezi wa nne, amevaa viatu vya kanisani, hotuba nzima ikiwa tayari kichwani. Wiki nzima alikuwa akiitunga kwenye cherehani yake kule bondeni, anapunguza hapa, anaongeza pale. Ilianza kwa salamu, ikapita kwenye shukrani, ikaishia kwa maneno matatu ambayo hakukusudia kuyabadilisha: nimekuja kumchukua mwanangu.

Mwana mwenyewe ni Duván, wa pekee, miaka ishirini na sita, fundi wa majokofu. Alikuwa amechumbia huku mlimani, kwa Yurany, binti wa don Heriberto mwashi. Hilo Nubia angelimeza, maana msichana ana adabu na anajua kupiga pasi. Kilichomkwama kooni ni zawadi ya mkwe. Don Heriberto alikuwa amewapa watoto hewa, yaani ile nafasi tupu juu ya nyumba yake, wajenge ghorofa yao na kuishi humo. Watu wa milimani pale Medellín hurithishana hewa kama wengine wanavyorithishana mashamba, na huiandikia karatasi yenye mashahidi. Lakini katika mtaa wa Nubia nyumba zina vigae, na hewa ni mali ya njiwa.

"Mtu mzima anakupa hewa, nawe unasema asante?" alimuuliza Duván siku alipopata habari.

Duván alinyamaza. Kunyamaza ndiyo ilikuwa kazi yake nyumbani tangu baba yake afe, miaka minne sasa. Mama na mwana walikula wakitazamana, na redio ikazungumza kwa niaba yao wote wawili. Hata hivyo alikuwepo. Usiku Nubia alisikia kikohozi chake chumba cha pili akapata usingizi. Mtoto huyo akihamia mlimani, nani atakohoa?

Jumapili aliichagua kwa makusudi. Alijua Jumapili watu wamepumzika, wamekaa, wanasikiliza. Kosa la mtu wa bondeni hilo. Mlimani Jumapili ndiyo siku ya zege.

Alipokata kona ya mwisho aliikuta ngazi imejaa watu, mistari miwili, labda arobaini, wengine hata majina ya ukoo hawajuani. Chini barabarani, mahali lori lilipomwaga mchanga na kokoto, wanaume walikuwa wanachanganya kwa mabeleshi. Ndoo zilizojaa zilipanda mkono kwa mkono upande wa kushoto, na zilizo tupu zikashuka upande wa kulia, mpaka juu kwenye nyumba ya don Heriberto iliyojazwa nguzo za mianzi chumba kizima ili kushikilia dari mpya. Slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa ya watoto, ilikuwa inamwagwa.

"Habari za asubuhi, mimi ni..."

Ndoo ya zege ikatua mikononi mwake.

"Pitisha, doña, pitisha!"

Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Zarzal hawakumngoja hata dakika mbili. Mwanamke mmoja alikuwa ametoka mstarini kwenda kunyonyesha, pengo likabaki, na mlimani pengo halina mwenyewe. Anayefika ndiye anayeliziba. Nubia aliitazama ile ndoo, akamtazama aliyempa. Alikuwa doña Rosmira, mama yake Yurany, kitambaa kichwani, zege mpaka kwenye viwiko. Walikuwa wameonana mara moja tu, siku ya posa.

"Doña Rosmira, mimi sikuja kufanya kazi."

"Najua. Shika."

"Nimekuja kuzungumza."

"Zungumza tu, mama Duván. Kazi inafanywa na mikono, masikio yangu yamekaa bure. Shika."

Salamu ikapotea na shukrani zikapotea. Ndoo mbili zilifuatana, na kilichobaki kikamtoka kwa sauti kuliko alivyotaka.

"Nimekuja kumchukua mwanangu!"

Ngazi nzima ilisikia. Rosmira hakukosa hata ndoo moja.

"Mchukue," alisema. "Ila subiri zege liishe. Ndiye anayesawazisha kona ya choo."

"Doña!" mwanamume mmoja mnene aliita kutoka ngazi za chini. "Ukimchukua, aniachie kwanza jokofu langu! Ana wiki mbili nalo, nyama inanuka!"

Watu wakacheka. Nubia aliona aibu, kisha akaona hasira, maana hasira ni rahisi zaidi kubeba ngazini.

"Chekeni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nimemlea peke yangu, nyie mmemnasa kwa hewa!"

"Tungempa nini?" Rosmira aliuliza, na safari hii hakutania. "Mimi na Heriberto tulipofika hapa palikuwa nyasi na mawe, tukapata ardhi. Ardhi imekwisha. Watoto wetu wanapata hewa. Ndicho tulicho nacho, hatukukificha. Shika, mama, unaniziba."

Nubia alishika. Kisigino cha kiatu cha kanisani kikateleza kwenye zege lililomwagika, nusura aende mpaka barabarani. Aliinama, akavivua vyote viwili, akaviweka dirishani kwa mtu asiyemjua. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Alisimama peku kwenye saruji yenye baridi na kuendelea kupitisha, akijiambia kwamba anangoja tu nafasi ya kuondoka.

Ndipo akasikia sauti juu ya nyumba.

"Nyie wa chini! Mmelala? Au zege mnalituma kwa posta?"

"Panda uone, mdomo mrefu!" walimjibu.

"Nikishuka mimi, nani atawaonyesha kazi? Don Heriberto, hawa tuwanyime supu!"

Kicheko kikashuka ngazi yote pamoja na ndoo.

"Nani huyo hodari wa maneno?" Nubia aliuliza.

Rosmira alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mama Duván. Huyo si wako?"

Alikuwa wake. Alisimama ukingoni mwa slabu na ubao wa kusawazishia mkononi, saruji kwenye nyusi, anacheka kwa meno yote. Sauti hiyo Nubia aliwahi kuijua. Ilikuwa ikijaza nyumba zamani, wakati baba mtu yu hai na wote wawili wakibishana juu ya mpira. Yeye alidhani imezikwa makaburini pamoja na mzee, kumbe haikufa. Ilikuwa inaogopa tu kuzungumza katika nyumba ile, mbele ya kiti kile kitupu, mbele yake yeye mwenyewe. Iliuma, tusidanganyane. Iliuma kwanza, furaha ikaja baadaye, na haikuja haraka.

Wakati huo mlima wa ng'ambo ya bonde ulikuwa umeshatoweka nyuma ya mvua.

"Imebaki robo!" don Heriberto alipiga kelele kutoka juu. "Tukikatishwa hapa, tumekwisha!"

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Zege la leo halishikani na la kesho. Slabu ikikatwa katikati itavuja kwenye mshono huo mpaka wajukuu wazeeke, na mifuko yote ya saruji waliyonunua watoto ilikuwa imeshafunguliwa. Kama kuna siku Nubia angeweza kuiharibu ghorofa ile, ilikuwa siku hiyo, na asingehitaji hotuba. Angekunja mikono tu. Mstari ungesimama pale kwake.

Tone la kwanza lilimpiga shingoni. Akageuka kuwatazama wa chini, akanyosha mikono kudai ndoo.

"Wewe wa jokofu!" aliita. "Ndoo zangu ziko wapi? Nyama yako imekuchosha hivyo?"

Mstari ukalipuka kwa vicheko, ndoo zikaanza kukimbia. Kule juu, Duván akasimama wima.

"Mama?"

"Sawazisha kona!" Nubia alimfokea. "Mama baadaye!"

Ndoo ya mwisho ilipanda mvua ikiwa imeshaanza kupiga mabati ya majirani. Kila nyumba ilitoa ilichonacho cha kufunikia: nailoni, mapazia ya bafu, vitambaa vya meza. Mtu akaleta bango la plastiki la mgombea mmoja wa zamani aliyeahidi kuipanua ngazi. Uso wake wenye tabasamu ukalazwa kifudifudi juu ya zege, nayo ikawa kazi ya kwanza aliyowahi kuufanyia mtaa.

Sancocho, supu nzito ya kuku na mihogo na ndizi, ililiwa kwenye baraza ya jirani, watu wamebanana na bakuli mapajani. Yurany alimletea Nubia taulo, akamfunika mabega, akarudi kugawa supu. Duván alikuja akachuchumaa mbele yake.

"Umekuja kunichukua."

"Nani kakwambia?"

"Mlima mzima umeniambia."

Nubia alikoroga supu yake. Duván akasema pole pole, "Mama, mimi siondoki hapa. Lakini kila nikifikiria wewe na ile redio, chakula hakishuki. Ndiyo maana sikukwambia kuwa zege ni leo."

"Naogopa, Duván," alisema. Hakuwahi kumwambia mtu. "Nilikuja kukuchukua kwa sababu mimi ndiye siwezi kukaa mle peke yangu. Si kosa lako. Leo nimekusikia unacheka, na siwezi kukurudisha kwenye kimya kile. Siwezi, mwanangu. Kaa."

Duván aliinamisha kichwa kwenye magoti ya mama, na saruji yote, na yeye akazipapasa nywele zile ngumu.

Don Heriberto, mtu mfupi asiyependa maneno, alingoja mpaka wamalize. Kisha akatoa karatasi iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Hii ni ya hewa. Inataka shahidi wa upande wa bwana harusi. Soma kwanza. Usisaini kitu usichokisoma."

Nubia alivaa miwani. Hewa ya ghorofa ya pili ni ya Duván na Yurany, hilo alilijua. Chini yake palikuwa na mistari mingine, kwa mwandiko uleule wa mwashi unaoegemea upande. Hewa ya ghorofa ya tatu ni ya doña Nubia, mama wa bwana harusi. Ajenge akitaka. Asipotaka, ibaki yake, asiiguse mtu. Aliitazama tarehe. Ilikuwa ya wiki tatu nyuma, kabla hajatunga hata neno moja la hotuba yake.

Alisoma tena tangu mwanzo. Watu walikuwa wameacha kutafuna.

"Nina magoti mabaya," alisema hatimaye.

"Wote tunayo," Rosmira akajibu. "Utapanda pole pole."

"Na kusaini ni bado. Kuna kitu kimekosekana hapa."

Don Heriberto akakunja uso. "Kipi?"

"Dirisha. Liwe upande wa mashariki, kubwa, si kitundu cha kuku. Mimi nashona asubuhi."

Don Heriberto alitoa kalamu nyuma ya sikio, akaandika mashariki, akaandika kubwa, akampa Nubia kalamu asaini.