Kidole cha Laurentine

Laurentine aliichukia ile mashine ya wodini ya kupima oksijeni na mapigo ya moyo tangu ilipomlilia mgonjwa wa kitanda cha pili, na mgonjwa akafa. Wauguzi walisema ililia kwa sababu mtu anakufa. Yeye, mwuza vitenge wa Butembo asiyedanganywa kirahisi, aliona kinyume: mtu alikufa kwa sababu ililia.

Kwa hiyo mumewe Sosthène, aliyelazwa mahututi kwa nimonia pale hospitali ya Bwera, ng'ambo ya mpaka, alipobanwa kile kibanio cha kidoleni na mashine ikaanza kulia, Laurentine hakungoja. Alikihamishia kwenye kidole chake, mkono akauficha chini ya blanketi. Mashine ikanyamaza. Alipochoka, shemeji yake Christophe alimpokea. Kwao milimani mgonjwa hubebwa kwa machela, watu wakipokezana mabega, sembuse kidole?

Dokta Bright alichanganyikiwa. Oksijeni ya mgonjwa ilikuwa nzuri kama ya mcheza mpira, lakini moyo ulikimbia ajabu, ukitulia kila Christophe alipoingia zamu. Dokta alikuna kichwa asubuhi nzima. Kisha akaletwa binti kutoka Mahango, hoi, midomo imegeuka buluu, na mtambo wa oksijeni ulikuwa mmoja. Dokta akasoma namba, akamwambia muuguzi Evas amvue Sosthène barakoa ya oksijeni, avishwe binti.

Laurentine aliogopa aibu, akaogopa kufukuzwa. Mficha uchi hazai, na mama wa watoto saba alipaswa kulijua hilo kuliko wote. Alijipa moyo kwamba almradi mashine imenyamaza, hafi mtu. Mumewe akaanza kuhema, macho yakamtoka, jasho likamlowanisha shingo. Mashine ilikuwa kimya kabisa.

"Dokta, murudishe," alisema, akiutoa mkono. "Hii kidole ni yangu."

Evas, aliyekuwa akimtazama mgonjwa usoni, alikwisharudisha barakoa. Wakamketisha mgonjwa. Kibanio kikarudi kwa mwenyewe, na mashine ikapiga yowe. Binti wa Mahango alipewa mtungi wa oksijeni wa ambulensi, dereva akinung'unika mpaka mlangoni. Polepole namba ya Sosthène ikapanda, midomo ya binti nayo ikarudi rangi.

Ndipo dokta alipoketi. Hakuwa na nguvu hata ya kugomba. Aliuliza jambo moja tu: ule moyo waliohangaika nao asubuhi nzima ulikuwa wa nani.

Laurentine alikuwa ameukumbatia mkono wa mumewe.

"Ile moyo ni yangu, dokta," alisema. "Iko inaogopa."